Mkono wa Koti la Merle

Ukuta wa nyuma wa kambi ya akina Stahlnecker haukuwa na picha hata moja. Ulikuwa na mapindo ya mashati. Aliyemlenga kulungu akamkosa alirudi kambini akasimama katikati ya chumba kama mwanafunzi mtoro, na Harlan, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kambi, alichukua mkasi wa kukatia kuku akamkata pindo la shati kwa nyuma. Kisha aliandika jina na mwaka kwa penseli na kulipigilia ukutani. Tangu enzi za baba yake mapindo hayo yalikuwa yamefika hamsini na kitu, na mengine yalikuwa yamechujuka kiasi kwamba hujui kama shati lilikuwa la bluu au la kijivu.

Mawili ya mwisho yalikuwa ya Verna, mke wa marehemu kaka yake Harlan.

La mwaka juzi lilikuwa la kukosa tu. Mshale ulipita kushoto ukajichimbia kwenye majani, watu wakacheka na mwenyewe akacheka. La mwaka jana hakuna aliyelicheka. Mshale ulimpata kulungu jike, lakini tumboni, na mnyama wa kupigwa tumboni hafi leo wala kesho. Walimfuata siku mbili. Verna alitambaa kwa magoti akitafuta matone ya damu juu ya majani, tone moja hapa, jingine hatua thelathini mbele, mpaka wakafika kwenye kinamasi na matone yakaisha. Wiki nzima baada ya hapo chakula hakikumpanda. Alijiapia kwamba hatamwacha mnyama mwingine aoze porini kwa sababu yake.

Sasa, baba yao akina Harlan aliiachia kambi sheria moja: mapindo matatu mfululizo bila mnyama katikati, unatoa kiti chako cha kuvizia juu ya mti, anapewa mwingine. Kiti cha Verna kilikuwa juu ya mwaloni mkubwa kando ya kijito, na kabla hakijawa chake kilikuwa cha Merle, mumewe, kwa zaidi ya miaka thelathini. Mgongo wa Merle ulikuwa umelisugua gome la mti ule mpaka likawa laini kama kiti cha kanisani. Makaburini Verna alikwenda kwa sababu ya macho ya watu. Kwenye mwaloni alikwenda kwa sababu ya Merle. Na kila mtu alijua anayekimezea mate kiti hicho ni Royce, mkwe wa Harlan, aliyekwisha kukinunulia hadi mto mpya wa kukalia. Mto wenyewe ulikuwa nyuma ya pikapu yake, bado umo kwenye nailoni.

Kwa hiyo tangu Mei Verna alifanya mazoezi kama mtu anayedaiwa roho. Njia ilikuwa ya Harlan mwenyewe. Mshale mmoja kila asubuhi, basi. Unatoka kitandani, hujanywa kahawa, hujajinyoosha, unasimama yadi ishirini kutoka kwenye robota la majani makavu, unafyatua mmoja na kurudi ndani.

"Kulungu hakupi mishale ya kupasha misuli, shem," Harlan alimwambia. "Ukikosa, unakaa nao moyoni mpaka kesho. Ndiyo dawa."

Verna alitundika kalenda jikoni. Mshale mzuri, duara. Mshale mbaya, msalaba. Mei ilijaa misalaba. Julai misalaba ilipungua. Septemba nzima haikuwa na msalaba hata mmoja, na Harlan alipokuja kukagua alikuta matundu yote ya robota lile yanaweza kufunikwa na kisahani cha chai. Alitikisa kichwa akasema hata yeye hawezi hivyo.

Lakini kujiamini nyuma ya banda lako, ukiwa na blauzi na kandambili, ni kitu kimoja. Kujiamini mbele ya watu ni kingine.

Ijumaa ya kwanza ya Novemba walikusanyika kambini. Theluji nyepesi ilikuwa imeanza kudondoka. Kama ilivyo ada, kabla ya chakula kila mtu alitoka nje kurusha mshale mmoja kwenye sanamu ya kulungu ya sponji iliyosimama nyuma ya nyumba. Harlan alirusha, ukaingia palepale nyuma ya bega. Royce alirusha, naye hakukosa. Verna alitoka amevaa koti la Merle, lile la sufu nzito lenye miraba myekundu na myeusi, akavuta uzi, akaweka kidoti cha kijani cha kulengea nyuma ya bega la sanamu, akafyatua.

Mshale ulikwenda kushoto ukagonga rundo la kuni.

"Mama mkubwa," alisema Royce, "hizo kuni zimekufa kabisa. Tuzichune?"

Watu waliangua kicheko. Verna naye alijilazimisha kucheka. Miezi sita ya mazoezi, Septemba nzima ya maduara, na sasa haya. Harlan alimvuta pembeni.

"Unatetemeka, shem?"

"Sitetemeki."

"Umefumba macho?"

"Harlan, mimi si mtoto."

"Basi iko kichwani." Alishusha sauti. "Ndivyo ilivyomwanza Merle."

Habari za Merle alizijua kuliko mtu yeyote. Kwa bunduki mumewe alikuwa hakosi, na bunduki ndiyo iliyomwokolea kiti chake, maana kila Desemba alileta mnyama. Kwa upinde alikuwa na nuksi. Mapindo saba ukutani yalikuwa yake, na kambi nzima ilimtania mpaka utani ukamwingia. Mwishoni Harlan alimwambia, ndugu kwa ndugu, atundike upinde kabla hajamwachia mnyama mateso. Merle aliutundika. Miaka miwili baadaye moyo ulimsimama akiwa anapakia kuni. Usiku mmoja kabla ya hapo alikuwa amemwambia Verna, bila kuulizwa, "Sijui mkono wangu ulinikosea wapi." Verna alikumbuka maneno hayo kila alipovuta uzi.

Jumamosi asubuhi alipanda mwaloni giza likiwa linaanza kupauka. Alijifunga mkanda wa usalama juu ya koti, akaukaza kwenye shina, akaupandisha upinde kwa kamba kutoka chini, akatia mshale. Kisha akakaa kimya. Baridi ilikuwa ya kung'ata masikio. Moyoni alikuwa na hesabu moja tu: akikosa leo, jioni Harlan atachukua mkasi, na kesho Royce ataweka mto wake hapa.

Mwanga ulipotosha kuona mikono yake, aliona kitu kwenye koti.

Ilikuwa kwenye mkono wa kushoto, upande wa ndani, chini kidogo ya kiwiko. Mstari wa rangi ya asali, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Aliukwangua kwa ukucha. Nta. Alhamisi alikuwa ameupaka uzi wa upinde nta mpya kutoka kwenye kopo jipya, na nta hiyo ilikuwa na rangi hiihii. Sasa nta ya uzi ilifikaje kwenye koti?

Alinyoosha mkono wa kushoto na upinde wake, hakuvuta, alinyoosha tu kama mtu anayelenga. Akatazama. Koti lilikuwa pana. Sufu ilikuwa imefura chini ya kiwiko kama shavu la mtu mwenye jino bovu, na uzi, ukiwa umetulia tu, tayari ulikuwa umeigusa.

Kumbe. Majira yote ya joto mkono wake ulikuwa ndani ya blauzi, uzi ukipita mbali kabisa na ngozi. Ukifika Novemba anavaa koti, na uzi unaporudi kwa kasi unaparuza sufu na kuusukuma mshale kushoto. Si kichwa. Si moyo. Na chini ya mstari ule wa nta aliona kwamba sufu yenyewe ilikuwa imeliwa muda mrefu, imebaki nyuzi tupu, utepe mzima wa urefu wa kidole. Siku zote alidhani imelika kwa kubeba kuni.

Hakupata nafasi ya kuliwaza hilo, kwa sababu kijiti kilivunjika upande wa kijito.

Alikuwa dume. Alitoka taratibu kati ya miti, pua chini, akiokota mbegu za mwaloni, yadi hamsini hivi na akija. Pembe zake zilikuwa nene, zina rangi ya chai. Akiendelea na njia ile angepita yadi ishirini mbele ya kiti, ubavu wazi.

Verna alifikiri haraka. Koti halivuliki, mkanda wa usalama uko juu yake, na kuufungua juu ya mti ni kutafuta kifo. Kuukunja mkono wa koti haiwezekani, sufu ni nzito mno. Kumwacha dume apite? Angeweza. Hakuna anayekatwa pindo kwa kutorusha. Lakini alijijua. Akimwacha huyu, kesho atamwacha mwingine, na mwaka ujao hatapanda kabisa, atakuwa ameutundika upinde wake karibu na wa Merle. Aliuning'iniza upinde kwenye ndoano, akatoa kisu cha kuchunia mfukoni.

Aliingiza ncha ya kisu kwenye sufu juu ya kiwiko.

Hapo ndipo lilipomjia, na nusura arudishe kisu. Koti lilikuwa bado linanuka Merle: mafuta ya msumeno, tumbaku ya kiko, na ile sabuni ya kijani. Miaka mitatu hakulifua kwa makusudi. Machozi yalimtoka palepale, ya moto kwenye uso wa baridi. Alimwomba Merle msamaha kimoyomoyo, akapiga moyo konde, akakata.

Sufu ililia. Haikuwa sauti kubwa, lakini msitu wa Novemba hauna kelele nyingine. Dume aliinua kichwa, akatazama mwalonini moja kwa moja.

Verna aliganda. Kisu kilikuwa kimefika nusu ya mkono wa koti. Upepo mdogo ulimpiga shavuni, ukitoka kwa dume kuja kwake, na alishukuru kwa hilo. Dume alipiga guu chini mara moja. Akasubiri. Akapiga tena. Verna alihesabu pumzi zake, akizitoa puani ndani ya kola ili mvuke usionekane. Bega lilianza kumuuma, kisha kufa ganzi. Alipofika pumzi ya arubaini dume alitikisa mkia, akainamisha kichwa, akala.

Alimalizia kukata kidogokidogo, akikata kila dume alipotafuna na kuacha kila alipoacha. Nyuzi za mwisho alizikata kwa meno. Aliuvua mkono wa koti kama soksi akaubana katikati ya magoti. Baridi iliushika mkono wake, uliobaki na shati tu, mpaka ukamtoka vipele.

Yadi thelathini. Aliuchukua upinde. Yadi ishirini na tano. Dume aliingia nyuma ya mti mnene na hapo Verna akavuta uzi. Roda, vile vigurudumu vya kwenye ncha za upinde, zilizunguka kimya, uzi ukafika pembeni ya mdomo wake. Dume akatokea upande wa pili akasimama, ameelekea kulia, kama alivyosimama yule jike wa mwaka jana.

Je, kama si koti? Hofu ilimpanda yote kwa mkupuo mmoja. Kama kweli ni kichwani, kama ni mkono wake, mshale utakwenda kushoto tena, na kushoto ya huyu ni tumbo. Kidoti cha kijani kilianza kucheza juu ya ubavu. Kidole kilitaka kufyatua haraka ili jambo liishe. Alijua kufyatua kwa namna hiyo ni uongo, kulikuwa kumempa misalaba yote ya Mei.

Aliitoa akili yake kwa dume akaipeleka nyumbani, nyuma ya banda. Asubuhi. Hujanywa kahawa. Robota la majani. Mmoja tu.

Kidoti kikatulia. Mshale ukaondoka.

Alisikia kishindo kikavu, akaona dume akiruka kwa miguu ya nyuma na kukimbilia kijitoni. Matawi yalivunjika. Kisha kimya. Hakuwa ameona mshale umeingia wapi.

Nusu saa hiyo ilikuwa ndefu kuliko msimu mzima. Sheria haina mjadala: hushuki kabla ya nusu saa, maana ukimfuata mapema mnyama aliyeumia utamwamsha, na akiamka hutamwona tena. Mwaka jana alikuwa ameshuka baada ya dakika kumi. Sasa alikaa juu ya mwaloni, mkono mmoja wa koti mwilini na mwingine magotini, akitazama saa. Dakika ya ishirini alikuwa na uhakika amempiga tumboni. Dakika ya ishirini na tano alikuwa na uhakika amemkosa.

Aliposhuka aliukuta mshale umechomeka ardhini. Aliuinua kwenye mwanga. Ulikuwa na damu nyekundu ya kung'aa, yenye povu dogodogo. Damu ya mapafu. Verna aliketi palepale kwenye theluji akalia kwa sauti, bila kujali nani anasikia. Dume alikuwa amelala yadi sitini mbele, kando ya maji, na hakuwa ameteseka.

Harlan alimkuta hapo baada ya robo saa, akihema kwa kilima.

"Shem! Nimesikia kelele, nikadhani umeanguka." Alimwona dume, akapiga mbinja. Kisha akauona mkono wa Verna. "We mama, umepigana na dubu? Koti limefanywa nini?"

"Nitakuonyesha kambini," alisema Verna. "Nisaidie kumvuta."

Kambini watu walitoka kumtazama dume, wakapongeza. Royce alitafuta utani akaukosa. Alitoka nje kimyakimya, akarudi na ule mto, amekwisha kuuvua nailoni.

"Mama mkubwa," alisema, akiuweka benchini karibu yake, "kile kiti chako ni cha baridi sana. Kalia huu."

"Asante, baba. Kumbe una moyo."

Wengine walipokwenda kuchuna, Verna aliweka kile kipande cha koti mezani akamweleza Harlan. Harlan hakuamini. Alikuwa mtu wa kuamini kwa vidole. Alikivaa mkononi juu ya shati lake, akachukua upinde wa Verna, akanyoosha. Uzi ukagusa sufu. Akashusha, akanyoosha tena. Ukagusa tena. Alipitisha kidole kwenye utepe ule uliolika.

"Hii si ya miaka miwili," alisema.

"Hapana."

"Koti hili Merle alilipata lini?"

"Nilimnunulia mimi. Krismasi ya tisini na moja." "Nilichukua saizi kubwa makusudi. Alikuwa anapata baridi kule juu. Nilitaka avae sweta mbili ndani."

Harlan alivaa miwani yake ya kusomea akaenda ukutani. Alitafuta mapindo ya kaka yake moja baada ya jingine, akisoma kwa sauti ndogo. "Tisini na mbili. Tisini na tano. Tisini na sita." Aliyasoma yote saba. Kisha akatazama pembe zilizokuwa juu ya mlango, za dume ambaye Merle alimpiga kwa mshale mwaka themanini na nane, akiwa na jaketi la kuazima. Kabla ya tisini na mbili Merle hakuwa na pindo hata moja.

Nje Royce alikuwa anaomba ndoo ya maji.

Verna aliinuka. Alichukua penseli kwenye kopo, akaukunjua mkono wa koti mezani, akaandika kwenye bitana kwa herufi kubwa: VERNA, 1991.

"Shem, acha," alisema Harlan. "Sheria ni jina la aliyekosa."

"Ndiyo hilo."

"Ulikuwa unamkinga na baridi."

"Alikufa anaulaumu mkono wake, Harlan. Mkono wake ulikuwa mzima."

Harlan alivua miwani. Mkasi wa kuku ulining'inia kwenye msumari wake karibu na sikio lake, na hakuutazama.

"Mimi ndiye niliyemwambia atundike upinde," alisema. "Maisha yake yote hakuwahi kunisikiliza. Siku hiyo akanisikiliza."

Aliichukua penseli mkononi mwa Verna, akaandika jina lake chini ya la Verna, taratibu, kama mtu anayesaini hati. Kisha akautafuta msumari kwenye kopo, akaushikilia mkono wa koti ukutani, katikati ya yale mapindo saba, akamsogezea Verna nyundo.

"Piga, shem," alisema. "Nimeshika."